Msimulizi Huyu Anaaminika? Mwongozo wa Kumpima Anayekusimulia Riwaya

Ukisimama Rongai kando ya barabara ya Magadi asubuhi isiyo na ukungu, vilima vya Ngong unaviona vyote. Chini ya vilima hivyo, mahali ambapo leo panaitwa Karen, Karen Blixen kutoka Denmark alilima kahawa kuanzia 1914 hadi 1931, shamba likamfilisi akarudi kwao. Mwaka 1937 alichapisha kumbukumbu zake, Out of Africa. Ndani yake yumo kijana wa Kikuyu, Kamante, aliyekuwa na vidonda vibaya miguuni, akatibiwa, akaishia kuwa mpishi stadi wa nyumba hiyo. Kwa miaka mingi ulimwengu ulimjua Kamante kwa maneno ya mwajiri wake tu. Mwaka 1975 kikatoka kitabu kingine, Longing for Darkness, kilichokusanywa na mpiga picha Mmarekani Peter Beard, na humo Kamante, sasa mzee, anaeleza maisha ya shambani kutoka upande wa jikoni.

Ngũgĩ wa Thiong'o naye, katika insha iliyomo kwenye Moving the Centre (1993), alimshutumu Blixen kwa jinsi anavyowalinganisha Waafrika na wanyama pale anapodhani anawasifu. Mashtaka hayo ni mazito, na yana ushahidi wa kurasa. Hata hivyo Blixen hakubuni watu wasiokuwapo. Alisimulia alichokiona kutoka kwenye veranda yake, tena kwa mapenzi, lakini kutoka kwenye veranda hiyo mengi hayakuonekana.

Out of Africa si riwaya. Lakini anayejua kukisoma kwa jicho kali ameshapata nusu ya ujuzi wa kusoma riwaya yoyote inayosimuliwa na mtu anayejiita "mimi". Mwongozo huu ni wa msomaji wa kawaida anayetaka ujuzi huo: mzazi wa Kitengela anayesoma na bintiye, mtahiniwa wa kidato cha nne Kajiado, abiria wa Rongai anayemaliza sura mbili kwenye foleni ya jioni. Shahada haihitajiki. Kinachohitajika ni kalamu, daftari na ukaidi kidogo.

(Tahadhari: ili mifano ieleweke, mwisho wa baadhi ya vitabu unatajwa humu.)

KWA NINI UMPIME

Riwaya humkalisha mtu mmoja mbele yako akaongea kurasa mia mbili bila kukatizwa. Mtu akisikilizwa hivyo huzoeleka. Akizoeleka hupendwa, na akipendwa husamehewa hata kabla kosa lake halijatajwa. Waandishi wanalijua hilo vizuri, na wengine hulitumia makusudi: humpa kalamu mtu mwenye kasoro, kisha humwachia msomaji kazi ya kuigundua. Msomaji anayeamini kila neno hufika ukurasa wa mwisho akiwa amesoma hadithi tofauti na ile iliyoandikwa.

Watu wa Kajiado wana somo hili tayari. Hakuna mwenye akili timamu anayelipia ploti ya Kitengela kwa sababu dalali anaongea vizuri. Huenda shambani akaona kwa macho, akafika ofisi ya ardhi kuangalia ploti hiyo imeandikwa jina la nani na kama imewekwa rehani benki, akawauliza na majirani. Maneno ya dalali hayatupwi, yanawekwa kando mpaka yathibitike. Msimulizi naye asikilizwe hivyo hivyo. Tofauti ni kwamba katika riwaya ofisi ya ardhi iko ndani ya kitabu chenyewe, katika matendo, tarehe, kauli za wahusika wengine na mambo yaliyorukwa.

Mhakiki Mmarekani Wayne Booth ndiye aliyempa jina msimulizi asiyeaminika, katika kitabu chake The Rhetoric of Fiction cha 1961. Jambo lenyewe ni la kale kuliko jina. Katika Adili na Nduguze ya Shaaban Robert (1952), Mfalme Rai anapata habari kwamba Adili, mtu anayesifika kwa wema, huwacharaza manyani wawili kila usiku. Rai hafuati uvumi, na hafuati sifa njema za Adili. Anamwita, anataka maelezo, anasikiliza mpaka mwisho. Msomaji mzuri hufanya kazi ya Rai.

KABLA YA KUANZA: WATU WATATU WASICHANGANYWE

Mwandishi ni yule ambaye jina lake liko juu ya jalada. Msimulizi ni sauti inayokuambia hadithi. Mhusika ni mtu anayetenda ndani yake. Mara nyingine msimulizi ni mhusika pia, kama Kazimoto katika Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi (1974), au Kongowea Mswahili katika Siku Njema ya Ken Walibora (1996). Lakini msimulizi hawi mwandishi, hata wakifanana umri, kijiji na kazi. Kezilahabi alizaliwa Ukerewe na akasoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kazimoto naye ni msomi wa chuo kikuu mwenye asili ya huko huko. Anayehitimisha kwamba mawazo ya Kazimoto ndiyo mawazo ya Kezilahabi ameruka hatua zote zinazofuata.

HATUA SITA

1. Jua ni nani anayesema, na anasema kutoka wakati gani.

Andika kwenye daftari umri wa msimulizi wakati mambo yanatokea, na umri wake wakati anayasimulia. Tofauti ya miaka hiyo ndiyo nafasi ambamo kumbukumbu hupambwa. Kongowea wa Siku Njema anaeleza mateso ya utotoni Tanga baada ya kifo cha mama yake, Zainabu Makame, mwimbaji wa taarabu, kisha safari ndefu ya kumtafuta baba nchini Kenya mpaka Kitale. Maumivu ni ya mtoto, maneno ni ya mtu mzima aliyeshajua safari iliishia wapi. Hilo halimfanyi mwongo. Linakutaka tu ujiulize, kila anapomchora mtu mbaya, kama mtoto yule ndiye aliyemwona hivyo au ni mtu mzima anayelipa deni.

Kichwamaji inalifanya swali hili kuwa gumu zaidi. Kazimoto anasimulia kwa nafsi ya kwanza, na riwaya inaishia na kujiua kwake. Basi anatuambia haya kutoka wapi? Usilipuuze swali hilo kana kwamba ni hitilafu ya kiufundi. Kezilahabi hakuwa mwandishi wa kubahatisha. Soma tena ukijua kwamba unayemsikiliza ni mtu aliyeshaamua, uone sentensi ngapi zinabadilika uzito.

2. Tafuta anamwambia nani, na anataka nini kwake.

Kila simulizi ina ombi ndani yake. Mwingine anaomba ahurumiwe, mwingine asifiwe, mwingine ahesabiwe haki. Maneno kama "lazima uelewe", "yeyote angefanya hivyo" na "Mungu ni shahidi wangu" yapigie mstari. Hayathibitishi uongo, lakini yanaonyesha mahali ambapo msimulizi mwenyewe anahisi hatetewi na ukweli peke yake.

3. Yaweke aliyoyasema karibu na aliyoyafanya.

Gawa ukurasa wa daftari kwa mstari wa katikati. Kushoto andika anavyojieleza, kulia andika alichotenda, kwa namba za kurasa.

Riwaya inayofaa zaidi kwa zoezi hili ni A Man of the People ya Chinua Achebe, iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina Mwakilishi wa Watu. Ilitoka Januari 1966, mwezi ule ule jeshi lilipopindua serikali Nigeria. Msimulizi ni Odili, mwalimu kijana anayemchukia Chifu Nanga, waziri fisadi aliyewahi kuwa mwalimu wake. Ukijaza upande wa kushoto pekee utampenda Odili: ni msomi, anachukia wizi, anakataa hongo ya Nanga. Sasa jaza upande wa kulia. Odili anaingia kwenye siasa za upinzani baada ya Nanga kulala na Elsie, mpenzi wake, wala si kabla. Anamwandama Edna, binti ambaye Nanga alitaka kumwongeza kuwa mke, na mwanzoni kisasi kimo ndani ya mapenzi hayo. Mwishoni kabisa, mambo ya Edna yanapohitaji fedha, anaamua kimya kimya kuzikopa fedha za chama zilizobaki mikononi mwake, na anakuja na sababu ya kujiridhisha kwamba hazitahitajika karibuni.

Neno "kuzikopa" ni lake. Nanga naye bila shaka alikuwa na neno lake. Achebe hakuandika sentensi hata moja ya kumshtaki Odili, ila amemwacha aandike hesabu yake kwa mkono wake mwenyewe. Msomaji asiyechora mstari wa katikati hupita hapo akiwa bado anamshangilia.

4. Itafute sauti ya pili.

Katika riwaya nyingi sauti hiyo ni ndogo: jibu la mke mezani, barua iliyonukuliwa nusu, mtoto anayeuliza swali lisilojibiwa. Zikusanye. Mhusika akimwambia msimulizi jambo zito na msimulizi akabadilisha mazungumzo haraka, weka alama.

Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, ametoa mfano mkubwa zaidi katika By the Sea (2001). Saleh Omar, mzee aliyewahi kuwa mfanyabiashara wa samani Zanzibar, anafika uwanja wa ndege wa Gatwick akiomba hifadhi. Pasipoti yake ni ya mtu mwingine, na anajifanya hajui Kiingereza. Jina alilotumia ni la Rajab Shaaban Mahmud, na mwanawe Rajab, Latif, anaishi London. Kwa Latif, Saleh Omar ndiye mtu aliyewanyang'anya nyumba yao. Latif anakumbuka alivyotumwa akiwa mtoto kwenda kuomba kirudishwe kijimeza cha mpingo, akakataliwa. Saleh Omar anayo hesabu yake ya nyumba ile: mkopo, dhamana, na mfanyabiashara mgeni, Hussein, aliyewaacha wote wawili kwenye matope. Wanapokutana Uingereza wanasimuliana, na kila mmoja anagundua kwamba alikuwa na nusu ya habari.

Kosa la wepesi hapa ni kumtafuta mshindi. Fanya hivi badala yake: orodhesha mambo ambayo wote wawili wanakubaliana, kisha yale wanayotofautiana, na mwisho yale ambayo mmoja hakuwa na namna ya kuyajua. Latif hakudanganya kuhusu meza. Alikuwa mtoto, na hakuna aliyemwambia kulikuwa na mkataba.

5. Kikague alichokiruka.

Katika The Murder of Roger Ackroyd ya Agatha Christie (1926), msimulizi, Daktari Sheppard, ndiye muuaji. Hasemi uongo wa moja kwa moja kuhusu usiku ule. Anaruka tu dakika chache, na sentensi inayoziruka ni fupi na ya adabu.

Kuruka kuna sababu nyingi, na si zote chafu. Blixen haelezi waziwazi kuvunjika kwa ndoa yake, wala uhusiano wake na Denys Finch Hatton, aliyekufa katika ajali ya ndege Voi mwaka 1931 na kuzikwa kwenye vilima vya Ngong. Hiyo ni sitara, na mtu ana haki nayo. Lakini ardhi ile ilikuwa ya nani kabla ya kuitwa shamba lake, hilo nalo linapita haraka mno, na hapo sitara haitoshi kuwa sababu. Jiulize kila mara: ukimya huu unamlinda nani, na nani anaulipia?

6. Toa hukumu mbili, usitoe moja.

Hii ndiyo hatua inayokosewa kuliko zote. Uaminifu wa maneno ni kesi moja, tabia ni kesi nyingine. Mtu anaweza kushinda hii akashindwa ile.

Saleh Omar anawadanganya maafisa wa Gatwick siku ya kwanza, na bado ni mtu ambaye heshima na uchungu wake vinazidi kuaminika kadiri kurasa zinavyofunguka. Kazimoto yuko upande wa pili. Anasema wazi mambo ambayo wengi wangeyaficha: dada yake Rukia amepachikwa mimba na Manase, mkuu wa wilaya aliyekuwa rafiki yake wa utotoni, na fikra za kisasi zinamwelekea Sabina, dada yake Manase, ambaye baadaye anamwoa. Hajipambi mbele ya msomaji. Anaaminika, na anatisha.

Huckleberry Finn wa Mark Twain naye ana kundi lake. Anasema kweli na ana moyo mwema, lakini hukumu zake ni mbovu, kwa sababu amelelewa na watu waliomfundisha kwamba kumsaidia mtumwa kutoroka ni dhambi. Anamsaidia Jim huku akiamini atachomwa motoni. Usimsahihishe kwa dharau. Twain anataka uone jamii iliyomfundisha hivyo.

KISANDUKU: AINA NNE ZA MSIMULIZI WA KUTILIWA SHAKA

• Mwongo: anajua ukweli na anauficha. Utamkamata kwa saa, tarehe na vitu vilivyobadilika mahali.
• Anayejidanganya: anaamini anachosema. Utamkamata kwa safu mbili za daftari, kama Odili.
• Asiyejua: mtoto, mgeni, mgonjwa. Usimkamate, ila msaidie kwa kujua zaidi yake.
• Asiyeona: anaeleza vizuri kila kitu isipokuwa watu aliozoea kutowaona. Mtafutie Kamante wake.

ZOEZI LA KARIBU

Kifungu hiki kimetungwa kwa ajili ya mwongozo huu. Kisome mara mbili, mara ya pili ukiwa na kalamu.

"Mimi si mtu wa kugombana. Kware nzima inajua hivyo. Mama Njeri nilimpa nyumba kwa huruma tu, na kodi alikuwa analipa, isipokuwa ile miezi miwili mtoto alipolazwa. Siku niliyoenda kufunga mlango kwa kufuli langu sikumpigia kelele. Nilimwambia taratibu kabisa. Aliyelia ni yeye. Maji nilikuwa nimeshayafunga tangu Jumatatu, lakini hilo lilikuwa jambo la mfereji, halikuhusiana na kodi. Usiku ule sikula. Mke wangu aliniuliza kama naumwa, nikamwambia ni joto."

Anza na sentensi ya kwanza. Hakuna aliyemshtaki, na tayari anajitetea. Mashahidi aliowaita ni mtaa mzima, yaani hakuna hata mmoja mwenye jina. Kisha linganisha "kwa huruma tu" na "alikuwa analipa": aliyekuwa akilipa kodi hakupewa kwa huruma. Sababu ya kutolipa, mtoto kulazwa, imetajwa kwa haraka katikati ya sentensi, mahali ambapo jicho hupita. Neno "aliyelia ni yeye" linatumia machozi ya mwanamke kuthibitisha utulivu wa mwanamume.

Halafu yapo maji. Hakuna aliyemuuliza habari za maji. Ameyataja mwenyewe, akaongeza siku, akaongeza sababu. Katika mtaa ambako mtungi wa maji hununuliwa, kuufunga mfereji wa mama mwenye mtoto mgonjwa si jambo dogo, naye analijua.

Mpaka hapo wasomaji wengi humtupa huyu bwana. Ngojea. Hakula, na alimdanganya mkewe, na haya mawili ametuambia sisi. Mtu anayetaka kutudanganya kabisa asingeyataja. Huyu ni wa aina ya pili: anajidanganya, na hajafaulu. Kwa hukumu ya maneno, anaaminika katika matendo na haaminiki katika sababu. Kwa hukumu ya tabia, ametenda ukatili na bado ana dhamiri inayomsumbua. Mwandishi wa riwaya akimpata mtu wa namna hii amepata kitabu kizima.

NA MSIMULIZI WA NAFSI YA TATU JE?

Yule anayejua yote, anayeingia vyumbani na vichwani mwa watu, hasemi "mimi", na hivyo huaminiwa upesi. Naye ana upande. Utamjua kwa mambo matatu: majina anayowapa watu, muda anaokaa na kila mmoja, na mahali anapokataa kuingia.

Kidagaa Kimemwozea ya Walibora haifichi upande wake. Mtawala anaitwa Nasaba Bora, ndugu yake anaitwa Majisifu, vijana wanaoonewa ni Amani na Imani. Majisifu ameiba mswada wa Amani akauchapisha kwa jina lake. Kwa majina hayo msomaji amepewa hukumu mlangoni, na kazi inayobaki ni kuona kama matendo yanaithibitisha au yanaitatiza. Mlevi Majisifu, kwa mfano, anastahili kutazamwa zaidi ya jina lake.

Kwa msomaji wa Kajiado, Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet (2008) iko karibu na nyumbani, maana ni habari za Wamaasai. Ole Kaelo anahama Nakuru na kurudi Nasila na binti zake, Resian na Taiyo, na mila ya ukeketaji inawangoja. Msimulizi hasemi "mimi", lakini anatembea na mabinti hao, anaogopa wanapoogopa. Amechagua upande, na wengi tutasema amechagua vyema. Bado fanya kazi yako: tafuta kurasa ambazo Ole Kaelo anaruhusiwa kufikiri kwa sauti yake mwenyewe, uone anajieleza vipi. Riwaya yenye haki humpa hata mkosaji sababu zake.

MAKOSA YA KAWAIDA

Kumshuku kila mtu. Baada ya kujifunza haya, msomaji mgeni huona uongo kila ukurasa. Msimulizi anayesahau rangi ya shati hakuficha mauaji. Dai ushahidi wa mahali pawili au zaidi.

Kudhani ufasaha ni ukweli. Msimulizi anayeongea kwa kigugumizi huweza kuwa ndiye mkweli pekee kitabuni.

Kumchukia kwa sababu ya enzi yake. Taja kosa lake waziwazi, kisha uliza pia alichoweza kujua wakati huo na nani jirani yake aliyejua zaidi.

Kutumia kipimo hiki pasipofaa. Nagona (1990) na Mzingile (1991) za Kezilahabi zimejengwa kama ndoto na fumbo. Kumwuliza msimulizi wa humo saa ngapi alifika hakutakupeleka popote.

KWA KIKUNDI CHA WASOMAJI

Watu wanne au watano wanatosha, sebuleni Rongai au chini ya mti shuleni. Mmoja apewe kumtetea msimulizi, mwingine kumshtaki, na kila dai liambatane na ukurasa. Mwenzako akisema, "Mimi bwana huyu namwamini," usibishane naye. Mwambie, "Nisomee mahali alipokuaminisha." Baada ya nusu saa wabadilishane kazi. Wazee wakiwapo, waulizwe kwanza kuhusu mila na bei za zamani, kwa sababu mara nyingi wao ndio wanaogundua kwamba msimulizi ameeleza harusi au kesi ya ng'ombe kwa namna isiyowezekana.

KWA MTAHINIWA

Karatasi ya tatu ya Kiswahili katika KCSE, ile ya fasihi, ina alama 80, na mtahiniwa hujibu maswali manne ya alama 20 kila moja. Swali la sifa za mhusika au la mbinu ya usimulizi huja mara kwa mara, na alama nyingi hupotea kwa makosa mawili: kuandika "mwandishi anasema" pale anaposema msimulizi, na kuorodhesha sifa bila kuzithibitisha.

Kabla ya kujibu, pitia haya:

☐ Nimetaja nafsi ya usimulizi na anayesimulia?
☐ Kila sifa ina tendo, si kauli yake mwenyewe tu?
☐ Nimetofautisha anachosema na anachofanya?
☐ Nimetaja mhusika mwingine anayemuunga mkono au kumpinga?
☐ Nimetenga uaminifu wake na tabia yake?

Hoja kamili huonekana hivi: "Odili ni mnafiki asiyejitambua. Anamlaani Nanga kwa kula mali ya umma, lakini mwishoni anaamua kuzitumia fedha za chama kwa shida yake ya ndoa, na anauita uamuzi huo mkopo. Kwa kuwa yeye ndiye msimulizi, msomaji anaupata ushahidi huu kinywani mwake mwenyewe." Sifa, tendo, na jinsi usimulizi unavyolionyesha, vyote vimo katika sentensi tatu.

Muda wa karatasi ni saa mbili na nusu, kwa hiyo kila swali lina dakika thelathini na saba hivi. Tano za mwanzo zitumie kuchora zile safu mbili kwenye karatasi ya nyuma, kushoto maneno na kulia matendo, na uanze kuandika majibu kutoka upande wa kulia.